Sichasi ya Jirani

Nilikuwa msichana mkubwa, skuli nimeshamaliza, nilipojua kwamba "sichasi" si Kiswahili. Nilikuwa Unguja kwa mara yangu ya kwanza, nimefikia kwa mama mdogo. Akaniita nikale, nami nikamjibu kutoka ghorofani, "Nakuja sichasi." Binamu zangu waliokuwa chini wakatazamana. Mmoja akauliza, "Unakuja na nani?"

"Nakuja peke yangu."

"Sasa huyo Sichasi ndo nani?"

Nikawaeleza kwamba sichasi ni sasa hivi, sahizi, kwani nyie mnasemaje. Walicheka mpaka mmoja akalala kwenye mkeka. Huko Omani, wakasema, mmeanza kujitungia Kiswahili chenu. Niliudhika, maana nyumbani Ibra neno lile tulilisema kila siku, mimi, mama, ndugu zangu, hata mwenye duka wa pembeni ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Niliporudi nikamuuliza mama. Alikuwa anachagua mchele. Akaweka ungo chini, akacheka naye.

"Hilo neno la Jirani," alisema. "Mtaa mzima tumelipata kwake."

Jirani alikuwa Mrusi. Ukuta wa nyumba yake na wetu ulikuwa mmoja. Mumewe, mtoto wa Unguja kama baba yangu, alipelekwa Urusi ujanani kusomea uhandisi wa maji, akarudi na cheti na mke. Wakakaa Unguja miaka kadhaa nyumbani kwa mama wa mume, na miaka ya sabini, watu wetu walipokuwa wanarejea Omani, wakaja wote watatu, yeye, mume na mama mkwe, na watoto wao wadogo. Jina alikuwa nalo, tena mawili, la kwao na la Kiislamu alilopewa ukweni. Lakini siku waliyohamia mama alimpelekea chakula akamwita Jirani, naye akamjibu Jirani, na hivyo ndivyo walivyoitana maisha yao yote. Sisi watoto tukafuata.

Alikuwa mrefu, mkavu, anatembea kama mtu anayekimbilia kufunga dirisha. Saa saba mchana, wakati hata mbuzi wa Ibra wamejificha, utamwona anapita na mwavuli mweusi na soksi miguuni. Nyumbani alijifunga kanga, na hakuwahi kujua kuifunga. Ilikuwa inamponyoka kila mara, naye anaishika kwa kiwiko huku akiendelea na kazi. Chai alikunywa kwa bilauri, kijiko akakiacha ndani, kikimgusa shavuni kila anapopiga funda. Mama alimwambia ipo siku atajitoboa jicho. Akasema bibi yake alikunywa hivyo hivyo mpaka akafa, na macho yake alizikwa nayo mawili.

Kiswahili chake ndicho kilichowashangaza wageni. Alijifunzia jikoni Unguja, kwa wanawake wazee, kwa hiyo kilikuwa Kiswahili cha wanawake wazee. Alijua upawa, alijua kifumbu, alijua kawa la kufunikia chakula, wakati watoto wetu sisi, tuliojiita Wazanzibari, walikuwa wanasema "ile kitu ya kufunika." Alikuwa anawasahihisha. "Kitu hiki," alisema, "si kitu hii. Nyie bibi zenu wakiwasikia watasema mumelelewa na mie."

Kiarabu, kwa upande mwingine, kilimshinda, au yeye hakukitaka. Alikuwa muuguzi katika kituo cha afya, na wagonjwa wengi walikuwa wanawake wa kibedui waliotoka upande wa Sinaw na jangwani huko. Alikuwa na Kiarabu cha kutosha kuuliza panapouma, na basi. Yaliyobaki aliyamaliza kwa mikono. Na wale wanawake walimtaka yeye. Walikaa chini ukutani wakawaacha wapite wauguzi wengine wanaojua Kiarabu barabara, wakamngoja huyu mrefu. Mmoja alimwambia mama kwamba mkono wake ni wa baridi, na ukiwekewa mkono wa baridi penye homa unajua amekuja mtu.

Sisi watoto tulimwogopa kwa sindano. Ulikuwa ukipewa dawa ya sindano unapelekwa kwake baada ya alasiri, unalala kifudifudi kwenye kochi. Unamsikia anavunja kichupa. Unauliza, huku umebana macho, "Bado?" Anasema, "Sichasi," kwa sauti ya mtu aliye mbali, na wakati huo sindano imeshaingia na kutoka.

Nilipotoka Unguja na aibu yangu nilimwendea kumuuliza habari za neno lile. Alikuwa uani anaanika nguo.

"Kwetu 'si' maana yake hii," alisema. "Chas ni saa. Saa hii."

"Kama sahizi yetu?"

"Kama sahizi yenu. Tena zamani sana hiyo chas haikuwa saa ya mkononi. Ilikuwa wakati tu, wakati wowote. Na hiyo 'si', peke yake, haisemwi tena. Ukiisema sokoni watadhani umetoka kaburini. Imefia nje, imebaki hai ndani ya neno hili na mengine mawili matatu." Akabana kibanio kwenye shuka. "Na Waarabu wanasema je?"

"Alhin."

"Hin ni nini?"

"Wakati."

"Basi. Watu wote wamefanya mamoja. Wameshika wakati wakasema ni huu." Akainama kuchukua nguo nyingine. "Lakini usiniamini. Mrusi akikwambia sichasi, weka chai nyingine jikoni. Maana yake nimekusikia, ngoja. Fundi wa bomba naye ameniambia alhin tangu Jumamosi."

Ndivyo alivyokuwa mwenyewe. Kazini hakuchelewa hata siku moja, nyumbani hakuwahi. Tukienda harusini mama alikuwa tayari amevaa, amejifukiza udi, amekaa garini kiti cha mbele na mkoba mapajani, na kutoka nyuma ya ukuta inakuja ile sauti: sichasi. Mama anafungua mlango wa gari apate hewa. Anaufunga. Anasema atamwacha. Hakumwacha kamwe. Jirani anatokea, kanga ameibadilisha kwa nguo ya fahari, soksi zipo pale pale, na anaingia nyuma akiuliza kwa nini hatujaondoka.

Hadithi ya neno hilo na mama mkwe wake nilihadithiwa na mama, ambaye alihadithiwa na huyo mama mkwe mwenyewe. Yule bibi alikuwa amemchagulia mwanawe msichana wa mtaa wao, mambo yamekaribia kukamilika, mara kijana anashuka kutoka ndegeni na mwanamke mwenye nywele za rangi ya majani makavu. Bibi hakugombana. Alichofanya ni kutosema naye. Walipika jiko moja, wakala sahani moja, na kila neno lilipitia kwa mwana: mwambie mkeo chumvi imezidi, mwambie mkeo mlango haufungwi hivyo. Hali ile ilikwenda karibu mwaka.

Ila kuna mambo ya jikoni hayangoji mtoto wa kiume arudi kazini. Tui likitaka kuchujwa linataka kuchujwa. Bibi akawa anaita tu hewani, "Kifumbu," na mkwewe, ambaye neno hilo alishalijua, anajibu kwa mazoea ya kwao, "Sichas." Bibi akasikia kila akiita anajibiwa neno hilo hilo, kavu, fupi, na halifuatwi na kitu kwa muda. Akavumilia. Mwishowe akamkalisha mwanawe chini.

"Mkeo ananitukana."

"Anakutukana vipi, mama?"

"Kila nikimwita ananitukana kwa kwao."

Mwana akataka kulisikia hilo tusi. Bibi, kwa haya, akalisema kwa sauti ya chini. Mwana akashika kichwa. Akamfasiria: hii, na saa. Anasema saa hii, mama. Anakwambia anakuja.

Bibi akalirudia polepole. "Saa hii," alisema. "Sahizi."

"Ndiyo."

"Kumbe husema kama sisi."

Asubuhi ya pili, Jirani yuko uani anafua, akasikia anaitwa yeye, si hewa. "We mwanamke, njoo hapa sahizi nikuoneshe kukuna nazi, maana unaniulia nazi zangu." Akaenda. Alituambia kwamba alikwenda na mikono ya povu, hakuifuta, kwa hofu kwamba akifuta mikono bibi atabadili shauri.

Bibi na mkwewe niliwakuta hapa Ibra bibi akiwa ameshalala kitandani, macho hayaoni. Sikupata kuona mtu akihudumiwa vile. Jirani alimgeuza, akamsafisha, akamlisha uji kwa kijiko kidogo, akamsuka nywele zilizobaki. Waligombana mchana kutwa. Bibi alimwambia mkono wake mzito, naye akamwambia bibi ulimi wake mzito zaidi. Na kwa huyo mmoja tu ile sichasi yake haikuwa ngoja. Bibi alikuwa hajamaliza kuita jina lake, kiti kimeshasukumwa.

Habari ya dini alikwenda nayo kwa namna yake vile vile. Alifunga Ramadhani tangu mwaka wa kwanza Unguja, kwa sababu, alisema, hawezi kula mbele ya watu wenye njaa. Wanawake wa mtaa wetu wakamuuliza, mbona unafunga na hujasilimu, utasilimu lini? Akawajibu, "Sichasi." Wakaudhika wengine. Kuna mmoja alimsema vibaya msibani, mbele za watu, na Jirani hakumpa mkono tena mpaka yule mwanamke alipohama mji. Kusamehe hakukuwa kazi yake. Mama alijaribu kumsihi, hakufua dafu. Kisha siku moja mama amepanda juu ya paa kuanika mbaazi, akatazama ng'ambo ya ukuta, akamwona Jirani kwenye msala, anasali alasiri, soksi miguuni, taratibu kama mtu aliyezoea. Hapakuwa na karamu wala tangazo. Mama aliposhuka hakumuuliza. Alimpelekea halwa tu, na Jirani akaipokea, nao wakazungumza habari ya maji ya falaji, ule mfereji wa mashambani.

Yote haya nayasema kwa kumpenda, na lipo moja ambalo yeye mwenyewe hakulipenda. Kwao alimwacha mama yake. Enzi zile simu ilikuwa ya kupangiwa, unakwenda kungoja, unasikia sauti kama iko ndani ya pipa. Kila mara mama yake alimuuliza atakuja lini, na kila mara akamjibu neno lile. Sababu zilikuwepo, hakuna atakayesema hazikuwepo: watoto, kazi, bibi kitandani, safari za nchi ile zilivyokuwa ngumu kwa watu wa huku. Habari ya kifo ilimfikia mama yake ameshazikwa.

Mama alikwenda kukaa naye matanga. Mimi nilipeleka kahawa, ndiyo nikasikia. Hakuwa analia. Alisema, "Neno lile kubwa sana, Jirani. Unaweza kukaa ndani yake miaka na usijue kama hujatoka."

Kwa muda mrefu baada ya hapo hakulisema. Ukimwita ananyanyuka tu. Tulihisi kama mtaa umepoteza kitu, na hakuna aliyeweza kumwambia. Siku liliporudi lilirudi lenyewe, tukiwa garini, tunakwenda harusini, mama ameshafungua mlango apate hewa. Mama aliusikia ule mwito, akafunga mlango. Hakununa siku ile.

Bibi akafa, watoto wakakua wakaenda Maskati, na mwisho mumewe naye akafa, ghafla, baada ya sala ya Ijumaa. Mimi wakati huo nilikuwa nimeolewa na ninasomesha Nizwa. Mpwa wake, mtoto wa dada yake, akampigia simu kutoka Urusi: njoo ukae na sisi, huko sasa una nani? Watoto wake wakaona ni shauri jema. Jirani akafunga nyumba, akampa mama funguo, akaenda. Mama alimsindikiza mpaka uwanja wa ndege. Aliporudi akaniambia kwa simu kwamba ametazama ule ukuta na hajui aufanyie nini.

Walizungumza kila siku, simu siku hizi si ya pipa. Mama aliweka spika nami nikawa nasikia nikiwa nimekuja. Jirani alisimulia kwamba huko watu wanamuuliza yeye mtu wa wapi. Binti wa dukani alimsifu: umejifunza lugha yetu vizuri sana. Jirani alisema maneno yake huko ni ya zamani, vijana wanayajua kutoka kwa bibi zao. Lile neno lenyewe wamelitafuna, wanasema "shas," mara moja, kama mtu anayepiga chafya.

"Ndio sisi tukienda Unguja," mama alimwambia. "Vijana wananiambia, bibi, Kiswahili chako kitamu, umejifunzia wapi."

Wakacheka wote wawili, muda mrefu, kila mmoja na chai yake.

Mama alipougua hakumwambia. Alilazwa hapa hapa Ibra, moyo umechoka, akaniamrisha nisimsumbue mtu aliye kwao. Simu ilipolia nikatoka nayo kwenye ukumbi nikamwambia Jirani kila kitu. Akasema, "Nakuja sichasi."

Nikamfikishia mama. Alifumba macho. "Sichasi ya Jirani," alisema. "Basi nijifukize udi, nikamngoje garini."

Haikupita wiki. Nilikuwa nampa mama maji mlango ukasukumwa, akaingia na koti zito la baridi, jasho linamchuruzika, begi la mkononi begani. Hakutoa salamu. Alimshika mama kifundo cha mkono, akatazama saa yake, akahesabu kwa midomo. Halafu akamwambia muuguzi, msichana mdogo mwenye adabu, kwamba mto huu umewekwa kwa faida ya mto, si ya mgonjwa.

"Umechelewa," mama alisema.

"Foleni ya pasipoti."

"Vua koti basi. Unanitia joto."

Hakurudi tena Urusi. Mama alitoka hospitalini, wakapata pamoja muda waliopata, wakagombana, wakala tende mpya za msimu. Mama alipofariki ni Jirani aliyemuosha, yeye na wanawake wawili wa mtaani, naye ndiye aliyenionesha namna ya kumshika kichwa, mkono wake wa baridi juu ya wangu, akinisemesha Kiswahili cha polepole, "Hivi. Usiogope. Mshike kama alivyokushika."

Nyumba yetu tukaiuza. Ndugu zangu wako Maskati, mimi Nizwa, hakuna aliyeweza kuiangalia. Ilichukuliwa na familia changa kutoka Sur. Nami nikawa nikija Ibra naegesha gari upande wa pili wa nyumba ya Jirani, kule kwenye mitende, ambako lango letu halionekani. Nilidhani hajui.

Majira ya baridi yaliyopita nilimwendea. Amekuwa mzee kweli sasa, sikio moja halifanyi kazi, kutembea anatembea kwa kushika ukuta, ila bado ni haraka. Nikamwamkia shikamoo, akanibusu, tukakaa. Alikuwa amepika vibibi vya mchele na nazi. Nilidhani ni vyetu, nikanyoosha mkono, akanipiga kikofi cha vidoleni.

"Si vyako. Nyanyuka, twende."

"Wapi?"

"Kwa hao watu. Tangu wahamie hujaenda kuwaona. Ndiyo adabu aliyokufunza mama yako?"

Nikamwambia siwezi. Nikamwambia ukweli, kwamba naegesha kwenye mitende ili nisilione lango lile.

"Najua," alisema. Alifunika sahani kwa kawa. "Nilipokuwa kule nilikwenda mpaka mtaa wa mama yangu. Nikasimama ng'ambo ya njia. Kuna taa dirishani, kuna mtu anapita na mtoto. Nikatazama, nikapanda basi, nikarudi kwa mpwa wangu. Kila siku nikajiambia nitarudi nigonge. Mara ukaniambia mama yako anaumwa." Alinyanyuka, kanga ikamponyoka, akaishika kwa kiwiko. "Shika hiyo sahani. Mie mkono wangu unataka ukuta."

Tukatoka. Lango limepakwa rangi ya buluu. Baiskeli ya mtoto imelala pale mama alipokuwa anaweka kiti chake. Nilingoja Jirani apige hodi, yeye ndiye mwenyeji, yeye ndiye mkubwa. Alisimama ameegemea ukuta, ananitazama.

"Wewe," alisema.

Nilizaliwa nyuma ya lango lile. Nililipita kwa miguu, kwa baiskeli, na siku niliyoolewa, na sikumbuki kwamba niliwahi kusimama mbele yake nikaomba ruhusa.

"Hodi," nikasema.

Zikasikika hatua, kisha sauti ya mwanamke kijana, kwa Kiswahili kilichofunzwa juzijuzi, na nilijua kimefunzwa na nani, kwa sababu kilitamkwa kama wanavyotamka wanawake wazee wa Unguja: "Karibuni, karibuni ndani."